Umri wa Bwawa Si Dhamana

Kila lizungumzwapo bwawa dogo la udongo lililojengwa kuzuia mafuriko, hapana hoja itolewayo mara nyingi zaidi kuliko hii: kwamba tuta lililosimama miaka arubaini au hamsini bila ya kubomoka limekwisha toa ithibati ya uimara wake, na kwamba atakaye fedha za kulikagua na kulitengeneza anataka kuziteketeza fedha za umma kwa hofu isiyo na asili. Wasemao hivyo si wajinga. Wamo madiwani, wazee wa vijiji, hata watu waliosoma, nao huisema kwa yakini ya mtu anayetegemea aliyoyaona kwa macho yake. Nami nasema kwamba itikadi hiyo ni batili, na ubatili wake umekwisha gharimu roho nyingi mno hata haifai tena kuachwa ipite kwa kustahiana.

Tutazame kwanza bwawa la namna hii hufanya kazi gani. Bwawa la kunyweshea mifugo hutakiwa lijae. Bwawa la kuzuia mafuriko hutakiwa likae tupu, au likae na maji haba, ili gharika ijapo ipate mahali pa kutulia, kisha itoke pole pole kwa bomba lililopita chini ya tuta. Basi tuta la miaka hamsini huenda katika umri wake wote limekabiliana na maji mengi kwa siku chache tu, na siku zote zilizobaki limesimama mbele ya majani na mbuzi. Kulisifu kwa uimara ni kumsifu mlinzi kwa ushujaa ilhali hajapata kukutana na mwizi. Bwawa la Teton, katika jimbo la Idaho huko Marekani, lilibomoka tarehe 5 Juni 1976 lilipokuwa likijazwa maji kwa mara ya kwanza, na watu 11 wakafa. Mtu ataniambia kwamba lile lilikuwa jipya, halikupata kujaribiwa. Naam, na hili letu ambalo halijapata kujaa hata siku moja limejaribiwa lini? Tofauti ni kwamba letu, juu ya kutojaribiwa, limekuwa likichakaa miaka hamsini.

Maana udongo huchakaa, tena huchakaa ndani, mahali jicho lisipofika. Maji hayahitaji kulipanda tuta ili kuliangusha. Katika kila tuta la udongo maji hupenya kwa kiasi, na mjenzi hodari huyawekea tabaka za mchanga na kokoto ili yatoke bila ya kuuchukua udongo. Lakini yakijipatia upenyo wao wenyewe, pengine kando ya bomba lililoliwa na kutu, au katika tundu la mzizi uliokufa ukaoza, au katika shimo la nguchiro, yataanza kubeba chembe moja moja, na njia ile itajichimba kutoka mguuni mwa tuta kurejea upande wa maji, mpaka siku moja ikutane na bwawa lenyewe. Hapo muda uliobaki ni wa kuhesabiwa kwa saa. Ajuaye kazi hii huinama akayatazama maji yavujayo: yakiwa safi, huandika kiasi chake na kurudi tena kuyapima, yakiwa na tope, huenda kuwaamsha watu waliolala bondeni. Hapa hapa niseme na wale wapendao kupanda miti juu ya tuta kwa nia njema, wakiamini kwamba mizizi italishika: tuta lataka nyasi fupi zenye kufunika vizuri. Mti mkubwa huficha nyufa, huwapa wanyama makao, na upepo ukiung'oa siku ya dhoruba huondoka na kipande cha tuta.

Fauka ya hayo, kila mwaka upitao hulipunguzia bwawa nafasi ya kupokea maji, kwa sababu mto hauleti maji peke yake. Katika nyanda za Dodoma, Anders Rapp na wenzake walipoyachunguza mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, wakatangaza matokeo yao mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikuta mashapo ya vilima vilivyoliwa na mmomonyoko yakiyajaza kwa kasi ya kutisha. Mchanga uliokaa hautoki kwa bomba. Gharika ile ile ambayo bwawa liliipokea kwa raha lilipokuwa na miaka mitano, litakapokuwa na miaka arubaini italipanda mpaka ukingoni. Na tuta la udongo likishapandwa na maji, hasa mahali ambapo njia ya ng'ombe imelitia bonde, halina maisha marefu. Tena zingatieni kwamba wajenzi wenyewe hawakuahidi umilele. Marekani, tangu lilipojengwa bwawa la kwanza la aina hii kwenye kijito cha Cloud karibu na Cordell, Oklahoma, mwaka 1948, yamejengwa zaidi ya 11,000, na mengi yalikadiriwa kudumu miaka 50. Ilipofika mwaka 2000 ikabidi itungwe sheria ya kuyakarabati. Miaka hamsini ambayo sisi twaitaja kuwa ushahidi wa uzima, wao waliitaja kuwa mwisho wa muda.

Asiyekinai kwa maelezo na aitazame Derna, katika Libya. Mji ule umejengwa mdomoni mwa bonde ambalo aghalabu ni kavu, na baada ya mafuriko kuuumiza mara kadhaa, katika miaka ya 1970 yalijengwa juu yake mabwawa mawili ya mawe na kiini cha udongo wa mfinyanzi, Abu Mansur na al-Bilad. Mwaka 1986 yalikabili mafuriko makubwa yakasimama, na bila shaka wako waliosema siku ile kwamba sasa yamethibitika. Mwaka 1998 zikaonekana nyufa. Mwaka 2007 ukafanywa mkataba wa kuyatengeneza. Kazi haikuanza mpaka 2010, nayo ikakatika mwaka uliofuata, nchi ilipoingia vitani. Mwaka 2022 mhandisi Abdelwanees Ashoor aliandika kwamba mabwawa yale yataka matengenezo ya haraka na kwamba gharika kubwa italeta maafa. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, mvua ya dhoruba Daniel ilipomiminika, yote mawili yakaondoka, na maelfu ya waja wakabebwa mpaka baharini wakiwa usingizini. Wapo wahandisi wasemao kwamba mvua ile ingeyashinda hata yangalikuwa mazima, kwa kuwa yalipimiwa gharika ndogo kuliko ile. Hilo halimwondolei mtu taksiri: hesabu ya kale iliyopitwa na mvua za leo ni nayo sehemu ya uchakavu, na ilikuwa wajibu wa wahusika kuirudia. Waliposikika watu wakisema kwamba yote yalikuwa kudra, mahakama haikuridhika na jawabu hilo. Mwezi Julai 2024 iliwahukumu maofisa 12 vifungo vya kati ya miaka 9 na 27. Mwenyezi Mungu huiteremsha mvua, lakini daftari ya ukaguzi ameikabidhi kwa binadamu.

Na asije mtu akasema kwamba hayo yalikuwa mabwawa makubwa, letu ni dogo. Bwawa la Kelly Barnes, huko Toccoa katika jimbo la Georgia, lilikuwa na kimo kisichozidi mita 12. Lilipobomoka usiku wa tarehe 6 Novemba 1977 liliua watu 39. Na hapa jirani, Solai katika Nakuru, Bwawa la Patel, tuta la udongo lililokuwa mlimani katika shamba la watu binafsi, lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu wasiopungua 47. Udogo wa bwawa si kitu. Kitu ni nani amelala chini yake. Tena udogo na kimya cha miaka mingi ndivyo viwavutavyo watu wajenge pale: ardhi ni tambarare, ina rutuba, haijafurika tangu enzi ya babu, na wote husahau kwamba haikufurika kwa sababu ya tuta lile lile wasilolitazama. Bwawa lililojengwa kulinda shamba la mpunga sasa lina madrasa na nyumba chini yake, na hakuna aliyeibadilisha hesabu.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, nayo yautaja usalama wa mabwawa. Lakini sheria haifyeki vichaka, wala haizibui utoro wa pembeni uliojaa magogo, ambao ndio njia pekee ya maji yaliyozidi. Kazi hizo ni za panga, jembe na kalamu, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya reli, daraja au kaburi moja. Basi wewe uliye diwani, au mwenyekiti wa kijiji chenye tuta juu yake, kabla ya masika yajayo uliza iko wapi daftari ya ukaguzi wa bwawa lenu, na mara ya mwisho iliandikwa lini. Na ukijibiwa kwamba haipo kwa kuwa bwawa limesimama miaka mingi, usiidhinishe kiwanja hata kimoja cha nyumba chini yake mpaka mhandisi awe amelikagua tuta kwa miguu yake na kutia saini.