Abiria Wazima, Kamari na Mtoto wa Shule

Jumanne saa nne asubuhi, ndani ya matatu ya 46 ikipanda Valley Road, niliketi nyuma ya mvulana aliyevaa sweta ya shule. Kwenye simu yake kindege kilikuwa kikipaa, na nambari zikipanda nacho: 1.30, 1.85, 2.40. Mnaujua mchezo huo. Usipotoa pesa kabla ndege haijatoweka, dau limeliwa.

Aliyenichemsha damu si mvulana. Ni watu wazima. Bwana mmoja mwenye mkoba wa ofisini alimwinamia kabisa: "Toa! Toa sasa!" Utingo naye akauliza kutoka mlangoni imefika ngapi. Ndege ikatoweka. "Si ungetoa kwa mbili!" bwana akamkaripia, na mtoto akaweka shilingi 50 nyingine kabla hatujafika Hurlingham.

Nikamuuliza laini ni ya nani. "Ya mathe." Basi kwa kampuni ya kamari, anayecheza ni mama mzima mwenye kitambulisho. Ndiyo maana ilani ya miaka 18 haizuii kitu: inamkagua mwenye laini, haimkagui mwenye kidole.

Bwana wa mkoba akaniambia nimwache kijana atafute chake. Chake kipi? Namjua muuza mahindi mmoja wa Kangemi asiyetaka kulipwa kwa simu. Wengi husema ni ushamba. Si ushamba. Simu yake hushinda na mwanawe, na pesa za mahindi hulala kwenye kamari kabla hajazihesabu.

Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Agosti mwaka huo Rais William Ruto akatia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari. Hatua zote mbili naziunga mkono. Lakini ndani ya matatu ile hapakuwa na tangazo hata moja. Kazi hiyo waliifanya abiria, bila malipo, na hakuna bodi itakayowapokonya leseni.

Bwana wa mkoba, ulishuka Yaya bila kumuuliza mtoto huyo mbona hayuko darasani. Mimi nilimuuliza. Alikuwa amerudishwa nyumbani kuleta karo.