Plastiki Inayopinda, Nani Ataitenganisha?

Leo naweka programu kando kidogo, tuongee kuhusu plastiki. Si ile ya mifuko iliyopigwa marufuku Kenya mnamo Agosti 2017, la. Nazungumzia ile ya kutengenezea skrini na vifaa vya kielektroniki vinavyopinda.

Samsung ilipotoa simu ya kukunja, Galaxy Fold, mwaka wa 2019, watu walijiuliza skrini inakunjwaje bila kupasuka. Jibu ni utando mwembamba wa polima badala ya kioo kigumu. Sasa watafiti wengi wanatafuta tando za bei nafuu zaidi, na mapishi yao si ya ajabu. Unachukua polima mbili, tuseme polivinili alkoholi na kitosani, ambayo hutokana na magamba ya kamba na kaa. Unayeyusha moja kwa maji moto na nyingine kwa asidi hafifu kama ya siki. Unachanganya, unatia chembe ndogo mno za oksidi ya zinki, unakoroga, unamwaga kwenye sahani bapa na kuacha ikauke. Chembe hizo hupimwa kwa nanomita. Unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 hivi. Ukipatia vipimo, utando unakuwa imara zaidi, unahifadhi chaji vizuri au unazuia miale mikali ya jua.

Kazi nzuri, sipingi. Lakini kifaa kikifa, nani atatenganisha vitu hivyo vitatu?

Sisi waandishi wa programu tukiunganisha kazi za watu wawili, historia yote inabaki. Mambo yakiharibika, tunarudi nyuma. Kwenye utando huu hakuna kurudi nyuma. Utaniambia polivinili alkoholi huyeyuka majini. Kweli, ila huo ndio udhaifu wake. Ulete utando huo Likoni, kwenye unyevu wetu wa baharini, utanyonya maji na kulegea. Ili usilegee, minyororo ya polima hufungwa pamoja kwa kemikali. Hapo umepata uimara, na umeufunga mlango wa kuuyeyusha tena.

Kwa nini mtu wa Mombasa ajali? Kwa sababu makontena ya vifaa hivi hushukia Kipevu, huko Changamwe, na taka za mji huu huishia Mwakirunge, Kisauni. Anayeokota taka anajua bei ya shaba, ya alumini na ya chupa. Utando wa mchanganyiko atamuuzia nani? Kisicho na bei huachwa pale pale au huchomwa moto.

Tena tusijidanganye kwamba tutajua la kufanya wakati ukifika. Betri ya gari ni kitu rahisi: madini ya risasi, asidi na plastiki, basi. Hata hivyo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza kazi mwaka wa 2007 pale Owino Uhuru, Mikindani, kiliacha risasi kwenye damu za watoto hadi kilipofungwa 2014. Mwaka wa 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Ikiwa kilicho rahisi kutenganisha kimetutesa hivyo, itakuwaje kwa kisichotenganishika?

Sheria ya taka ya 2022 na kanuni za 2024 zinamtwika anayetengeneza au kuingiza bidhaa jukumu la taka yake. Vizuri. Basi kila kifaa kije na orodha: polima gani, chembe gani, zimefungwa kwa kemikali gani. Programu yoyote ya maana ina orodha ya maktaba ilizotumia. Kwa nini kifaa kisiwe nayo?

Na wewe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au wa Pwani unayetafuta mada ya utafiti: wengi tayari wanapima utando unapinda mara ngapi kabla ya kukatika. Wewe pima kama unaweza kuutenganisha tena. Ukifaulu, Mwakirunge watautafutia bei wenyewe.