Mwacheni Mtu na Kisu Chake cha Kukunja

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunamzika jirani ng'ambo ya Mto Malakisi, mhubiri akaacha Injili akaanza kupekua mifuko ya vijana. Kijana anayetembea na kisu, alisema, huyo ameshaua moyoni. Kina mama wakaitikia amina. Kisu changu cha kukunja kilikuwa ndani ya koti, kilekile nilichokatia kamba za turubai lililokuwa linamkinga mhubiri na jua. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Leo sinyamazi.

Mwaka jana, wakati wa masika, ndama wa shangazi yangu alizunguka mti aliofungiwa hadi kamba ikamkaba shingo. Tulifika watu saba, kila mmoja na simu yake. Kamba ya manila ikishaloa na kuvutwa, fundo lake halifunguki kwa vidole. Mmoja wetu alijaribu kwa meno. Mwingine alikimbia jikoni akarudi na panga, lakini nani atapitisha panga kati ya kamba na shingo ya mnyama anayerusha miguu? Ndama alikufa tunamtazama. Inchi tatu tu za chuma chenye makali zingemwokoa, na watu wazima saba hatukuwa nazo. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani bila kisu, na sitaomba radhi kwa yeyote.

Tena tuelewane ni kisu gani. Sisemi jambia, wala kile cha kubonyeza kitufe kikachomoka kama ulimi wa nyoka. Nasema kisu kidogo ambacho ubapa wake unalala ndani ya mpini, ukiufungua unashikiliwa na springi ya mgongoni tu. Hakina kufuli. Ukikidunga kwenye kitu kigumu kitajikunja na kukukata vidole vyako mwenyewe. Yeyote anayekiita silaha hajawahi kukishika. Wanajeshi wa Uswisi walianza kupewa visu vya namna hii kutoka karakana ya Karl Elsener mwaka 1891, ndicho kiwanda tunachokijua leo kwa jina la Victorinox, na kazi ya visu hivyo ilikuwa kufungua mikebe na skrubu za bunduki.

Babu yangu, ambaye tulimwita kuka, alirudi kutoka vitani Burma na kisu cha KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, kizito, chenye mwiba wa kufungulia mafundo. Alikitumia mpaka uzeeni. Alikatia nyuzi za kufungia majani ya tumbaku, enzi ambazo Malakisi nzima ilinuka tumbaku ya kampuni ya BAT, akapogolea kahawa, akachongea kwato za mbuzi, na jioni akatumenyea miwa sisi wajukuu. Hakuna aliyemwita jambazi. Watu walimwita pale mambo yanapokwama.

Hoja ninayoisikia zaidi ni kwamba shetani akikukuta na kisu wakati una hasira, umekwisha. Basi shetani ana kazi rahisi sana huku kwetu, maana kila nyumba kati ya Kitale na Bungoma ina panga nyuma ya mlango, shoka kando ya kuni na jembe uvunguni. Mbona hayo hayahubiriwi? Sisi tulioishi chini ya Mlima Elgon wakati wa uasi, kuanzia 2006 hadi jeshi lilipoingia na Operesheni Okoa Maisha Machi 2008 tuliona watu waliokatwa masikio. Waliofanya unyama ule walikuja na bunduki na mapanga. Usinilinganishe mimi na wale kwa sababu ya chuma cha kumenyea chungwa.

Sheria nayo inasingiziwa. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamlenga mtu aliyejihami katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda uhalifu mkubwa. Nia! Lakini kwenye kizuizi kimoja cha polisi afisa alikishika kisu changu kana kwamba ni bomu, na alipoona sitoi kitu, nia yangu mbaya ikayeyuka papo hapo. Hata Uingereza, ambako visu vya vijana wa London vinawanyima wazazi usingizi, sheria ya 1988 inakuruhusu kubeba kisu cha kukunja kisicho na kufuli, makali yasizidi inchi tatu, bila kueleza sababu. Sisi wakulima ndio tujieleze?

Na huku tukiogopa kisu, tunawapa watoto wembe mtupu wachonge penseli. Wembe hauna mpini, hauna pa kujikunja, na unatupwa uani, kuku na watoto wapite juu yake. Hilo halijamkasirisha mhubiri hata mmoja.

Juzi nilikwenda soko la Chwele kumnunulia mpwa wangu kisu, kwa kuwa anajifunza kupandikiza ovakado na alikuwa anachana vikonyo kwa kisu cha jikoni. Muuzaji alitandaza mali yake juu ya gunia. Vingi ni takataka, vinang'aa kama vijiko na haviwezi kukata hata nyanya. Nilivifungua kimoja kimoja, nikitikisa ubapa kuona kama unacheza, nikisikiliza springi inavyogonga, mpaka nikapata kimoja chenye mpini wa mti na chuma kinachokubali jiwe la kunolea.

Mama yake alinipigia usiku, ameudhika, akauliza, "Kaka, kwa nini unamfundisha mtoto wangu ujambazi?" Nikamwambia, "Dada, kesho mtume kwa shangazi." Shangazi amepata ndama mwingine, na amemfunga kwenye mti uleule.