Kelele Hizi ni Zetu

Ndugu msomaji, leo sikuja na hadithi. Nimekuja na ugomvi.

Nilimpelekea mzee mmoja msomi, mtu ninayemheshimu, daftari tatu za riwaya ninayoandika. Riwaya yenyewe inahusu vijana watatu wa Lusahunga, wilaya ya Biharamulo, wanaounda bendi ya roki. Wanapiga muziki wa kelele usiku, nyuma ya maegesho ya malori, na baadaye bendi inakufa. Mzee alisoma daftari moja, akanirudishia zote tatu. Akasema: "Mwanangu, mkono wako si mbaya. Ila haya ni mambo ya Wazungu. Wewe ni mtu wa Ngara. Andika wakimbizi. Andika ukimwi, andika uchawi. Roki na Biharamulo, wapi na wapi?"

Nikamjibu, "Sawa mzee, nimekusikia." Nikaondoka. Mkubwa habishiwi kwake, tena umeshakunywa uji wake. Basi nabisha hapa.

Kwanza mnijue. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka mbele. Nina kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, kando ya barabara ya malori yanayokwenda Rusumo. Sijasomea muziki. Lakini kila siku masikio yangu yanapita kwenye nyimbo za Kinyarwanda, Kirundi, Kisukuma, Kikongo, injili, taarabu, singeli, kila kitu. Naijua sura ya mtu anaposikia kitu kipya. Kwanza anakunja uso. Halafu ama anaondoka, ama anauliza, "Hii umeitoa wapi?"

Mimi mwenyewe nilikunja uso siku utingo mmoja aliyekuwa anakwenda Kigali aliponiachia kadi yake ili nimpunguzie nyimbo. Ndani nikakuta Duma.

Mswahili akisikia duma anafikiri mnyama mwenye mbio. Wao walilichukua jina hilo Kikuyu, kwa maana ya giza. Ni vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka kwenye bendi za metali za huko. Mwaka 2019 walirekodi Kampala, na Agosti 2020 albamu yao ya kwanza, yenye jina la bendi, ikatolewa na Nyege Nyege Tapes ya hapo hapo Kampala. Khanja anapiga mayowe kama mtu anayeungua. Karugu ana gitaa linalounguruma na midundo ya mashine inayokwenda mbio kuliko moyo wa mgonjwa wa homa. Mara ya kwanza nilidhani spika yangu imepasuka. Nikaifungua kwa bisibisi kutafuta ubovu. Spika ilikuwa nzima.

Sasa mzee anasema hayo ni ya Wazungu. Hebu tuulizane taratibu.

Ilimba ya Wagogo, ile aliyoizungusha dunia marehemu Hukwe Zawose, ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Kwa nini? Ili sauti ikwaruze! Fundi angeweza kuacha sauti safi, hakutaka. Vuka mpaka uende Burundi. Mpiga inanga ananong'ona badala ya kuimba, pumzi yake inasikika pamoja na nyuzi, na hiyo pumzi ndiyo utamu wenyewe. Nenda Kinshasa. Mzee Mawangu Mingiedi alichukua likembe, chombo cha babu zake, akakifungia vipaza sauti alivyojitengenezea kwa sumaku za magari mabovu. Sauti ikatoka imechanika, na hakuirekebisha. Kundi lake, Konono N°1, lilikuwepo tangu miaka ya 1960, na albamu yao ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004 watu wa Ulaya walishika vichwa wakidhani wamegundua roki mpya. Na wewe unaniambia kelele ililetwa na Mzungu? Mzungu ameikuta.

Tena huyo Khanja. Duma ilipokwisha kama bendi ya watu wawili, kila mmoja alishika njia yake. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, akatoa albamu yake peke yake, The Adept. Aliitoa kwa heshima ya mama yake bibi, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepigana msituni na Mau Mau akapata cheo cha fildimashali, akafariki mwaka 2023. Yule mama alikaa na nywele zake za msituni mpaka mwaka 2022 ndipo zikanyolewa. Kitukuu wa mtu kama huyo akipiga kelele, nani wa kumwambia ameiga?

Hoja ya pili ya wazee ni kwamba kelele inaharibu vijana. Hapo ndipo mtu wa Ngara nakasirika kabisa, maana sisi tunajua ni sauti gani inayoharibu watu.

Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Katika saa ishirini na nne waliingia kama robo milioni. Wakajaa Benaco, kambi iliyochukua jina la kampuni ya ujenzi wa barabara. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimelelewa na watu waliohesabu maiti zikielea mto Kagera. Nyuma ya ule mto kulikuwa na redio, RTLM, iliyoanza Julai 1993. Je, ilipiga kelele za metali? Hapana. Ilipiga muziki mtamu, rumba za Zaire, mizaha na vicheko, vijana wakaipenda. Katikati ya utamu ndimo walimopitisha sumu. Na Simon Bikindi, mwanamuziki hodari, mwenye sauti na ngoma za kuvutia, alifungwa miaka 15 na mahakama ya kimataifa pale Arusha, Desemba 2008. Majaji walisema nyimbo zake zilichochea chuki, ingawa kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani, Juni 1994.

Sisemi muziki mtamu ni mbaya. Mimi nauza rumba kila siku na ndiyo inayonilisha. Nasema tu kwamba ukipima wema wa muziki kwa ulaini wake, utapotea vibaya. Sikiliza kilichomo ndani. Mayowe ya mtu mwenye uchungu hayajamwua mtu.

Tena wazee wetu wasijifanye wamesahau. Mwaka 1969 vijana wa TANU walikuwa wakikimbizana na wasichana wa Dar es Salaam kwa sababu ya sketi fupi na mawigi. Novemba mwaka huo huo mkuu wa mkoa akapiga marufuku muziki wa soul, eti unaharibu vijana. Vijana walioambiwa hivyo ndio wazee wa leo, wanaosinzia kwenye kiti wakisikiliza zilipendwa na kutuambia zamani kulikuwa na muziki!

Sasa nije kwenye kinachoniuma hasa. Bendi hizi zinakufa. Kwa nini?

Wengi watasema ugomvi, wivu, pesa, wanawake. Ni kweli, bendi ni ndoa ya watu wengi, haikosi maneno. Lakini bendi zote duniani zina ugomvi. Tofauti ni nini kinabaki baada ya ugomvi.

Chukueni Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1970. Vijana wale walichanganya roki, soul na ngoma za huku kwetu, wakaimba Kiswahili na Kiingereza, gitaa likilia kama king'ora. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976, tena ilitolewa Zambia. Baada ya hapo bendi ikasambaratika. Ikapita miaka 40. Mwaka 2016 kampuni ya Ulaya, Strut, ikakusanya nyimbo zao zote na kuzitoa upya. Mimi mtoto wa Tanzania nimewajua Sunburst kupitia mikono ya wageni. Na bado mtu ananiambia roki ni ya Wazungu! Ni ya Wazungu kwa sababu wao wameitunza, sisi tumeitupa.

Duma nao ni hivyo hivyo, ingawa kuna nafuu kidogo, maana Kampala si Ulaya. Kampuni ile ile iliyowatoa Duma ndiyo iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli ya uswahilini Dar. Ona aibu hiyo. Singeli ya Dar imekwenda kupewa heshima Kampala wakati sisi bado tunaiita muziki wa vibaka.

Mmeniuliza kimoyomoyo: na wale vijana watatu wa Lusahunga, ni wa kweli? Ni wa kweli. Majina yao siyataji, nao wanajijua.

Mmoja alikuwa na gitaa bovu lenye nyuzi nne. Mmoja alipiga madumu ya mafuta na rimu ya gurudumu la lori. Wa tatu aliimba kwa kipaza sauti cha mnadani, kile cha kushika mkononi, akikisogeza karibu na spika mpaka kinapiga mluzi. Aliimba Kihangaza na Kiswahili, habari za baba yake aliyeondoka na lori asirudi. Kwa muda wa kama miezi minane walipiga mara moja kwa wiki. Madereva wakazoea, wengine wakapanga safari zao walale Lusahunga siku hiyo. Niliona kwa macho yangu dereva mtu mzima, mwenye kitambi chake, amesimama analia na hajui anachokililia.

Halafu maneno yakaanza. Wakaambiwa wana mashetani. Wakaambiwa wanavuta. Kiongozi mmoja wa mtaa akawaita, akawapa onyo. Hakuna aliyewapiga wala kuwafunga, tusizidishe. Walinyimwa tu mahali pa kupigia, na umeme wa kuchomekea. Mpiga madumu akaenda kutafuta dhahabu Kahama. Mwenye gitaa akapata bodaboda ya mkataba. Mwimbaji akabaki peke yake na kile kipaza sauti, siku moja nikamkuta anatangaza mitumba nacho.

Nani aliwaua? Nilikuwa na jibu tayari: jamii, viongozi, wazee. Mpaka siku mwimbaji alipokuja kibandani kwangu na kuniuliza, "Kaka, zile nyimbo zetu ulizoturekodi kwenye simu, bado unazo? Nataka mdogo wangu asikie."

Nilikuwa nimezifuta.

Ndiyo, mimi mwandishi wa hii makala, mtetezi wa kelele. Nilirekodi nyimbo sita. Kadi ikajaa, ulikuwa msimu wa sikukuu, wateja wanataka nyimbo zinazovuma, nikafuta zile sita nikaweka zinazolipa. Sikusita hata kidogo. Akilini nilisema wale si watapiga tena wiki ijayo? Hawakupiga tena.

Alisema, "Basi, si neno." Akachukua kipaza sauti chake akaenda. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo mzee wangu, ukisoma hapa, uelewe kwa nini siachi riwaya hii nikaandike wakimbizi. Siwadharau wakimbizi. Bibi yangu aliwapa maji. Ila mambo ya 1994 yameandikwa na watu wenye magari, kamera na posho. Wale vijana watatu hawana mtu mwingine ila mimi, na mimi ndiye niliyewafuta. Daftari hizi ni deni.

Na kwenu vijana wenzangu mnaoandika katika kurasa hizi, nina maneno machache. Acheni kuandika kile ambacho mnaona kinategemewa kutoka wilaya yenu. Mtu wa Ngara anaruhusiwa kuwa na gitaa katika hadithi yake. Mtu wa Biharamulo anaruhusiwa kuwa na huzuni isiyohusu mradi wowote. Kama kuna bendi, kwaya, ngoma, au kichaa mmoja mwenye filimbi mtaani kwenu, mrekodini leo, na msifute. Andikeni tarehe. Andikeni walipiga wapi na nani alicheza. Msingoje miaka 40 mwenye kampuni aje kutoka Ulaya kuwaambia kwamba hapo kwenu palikuwa na kitu.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hii siku zote inasemwa na upande wa ng'ombe. Mimi leo niko upande wa chura. Ng'ombe ameshiba maji, ameondoka zake, na kwenye lile dimbwi usiku kucha aliyebaki ni chura.

Nimemaliza. Mwenye kubisha aandike.