Mwenzao Akianguka Mbali na Lami

Jumamosi alfajiri, kabla foleni za Dar es Salaam hazijaamka, huonekana makundi madogo ya waendesha pikipiki yakielekea Pugu na Kisarawe. Aghalabu ni marafiki wanne au watano waliokaa kwenye viti vya ofisi wiki nzima. Pikipiki zao ni ndefu, matairi yana meno makubwa, na juu ya tangi la mafuta pamefungwa mkoba wa maji na vipuri viwili vitatu. Wakishaipita milima ya Pugu huiacha lami na kuzifuata njia za mchanga zipitazo kati ya mikorosho na mashamba ya mihogo, kandokando ya msitu wa Kazimzumbwi, wakishuka kuelekea Msanga na Maneromango. Huko hupishana na baiskeli na bodaboda zilizosheheni magunia ya mkaa, hunywa maji ya madafu, hupotea njia na kucheka, na Jumapili jioni hurejea mjini wakiwa wekundu kwa vumbi.

Wapo watumishi wa afya wanaouona mchezo huu kuwa wazimu wa watu wenye fedha za kuchezea. Mgonjwa akifika na mtulinga uliovunjika, swali la kwanza huwa la kumkaripia: ulikwenda kutafuta nini kule? Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mtu anayesimama juu ya vikanyagio saa nne, akiupinda mwili kufuata njia, huufanyisha moyo na misuli kazi ambayo wiki nzima haikupata. Tena hukaa siku mbili na marafiki bila simu mkononi, na kwa wanaume wengi wa makamo huo ndio mkutano pekee ambamo mtu huweza kutamka kwamba halali usiku au kwamba nyumbani mambo si mazuri. Daktari anayemwambia mtu wa namna hiyo “acha” ameshinda hoja na kumpoteza mgonjwa.

Lakini ukweli mwingine nao hauna budi kusemwa, nao ni kwamba makundi mengi hujiandaa kwa ajili ya pikipiki kuharibika, wala si kwa ajili ya mtu kuumia. Katika mikoba yao mna mnyororo wa akiba, viraka vya mpira na pampu. Kitambaa cha kufungia jeraha hakimo. Wanajua kituo cha mafuta kilichoko mbele yao, na hawajui zahanati iliyo karibu zaidi wala kama hufunguliwa Jumapili.

Kuanguka kwenyewe, kwa kweli, si ajabu katika mchezo huu. Gurudumu la mbele huzama mchangani, usukani hugeuka, na dereva hujikuta chini. Kwa kuwa mwendo huwa mdogo kuliko wa barabara kuu, wengi huinuka na michubuko tu. Kinachowaokoa mara nyingi ni mavazi: buti ngumu zinazofunika kifundo na muundi, glavu, kinga za magoti, na juu ya yote kofia ngumu iliyofungwa sawasawa kidevuni.

Kuhusu kofia, tiba ilijifunza somo lake kwenye barabara ya mashambani vilevile. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, askari na mwandishi wa Uingereza, alianguka na pikipiki yake huko Dorset alipojaribu kuwakwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli. Hakuwa amevaa kofia, na siku sita baadaye alifariki kwa majeraha ya kichwa. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwemo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, ambaye baadaye aliyachunguza majeraha ya waendesha pikipiki wa jeshi. Makala yake ya mwaka 1941 yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyofungua njia ya kofia kukubalika. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba, kwa wale wanaopata ajali, kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa kwa takribani asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69. Marafiki wa Jumamosi huijua habari hii na huvaa. Tatizo lao liko kwingine.

Liko katika neno moja: “Mzima.” Aliyeanguka hulitamka kabla hajaketi vizuri, na wenzake hulipokea kwa furaha kwa sababu kila mmoja anatamani liwe kweli. Humnyanyua, humpangusa vumbi, humwinulia pikipiki, na safari huendelea. Desturi hiyo ya ushujaa ndiyo inayostahili kuvunjwa kabla ya nyingine yoyote. Ncha ya usukani ikimchoma mtu tumboni, ngozi huweza kubaki na alama ndogo tu ilhali ndani bandama imepasuka na damu inavuja polepole. Kwa saa kadhaa mtu huyo hutembea, huzungumza na hata kufanya mzaha. Kisha huanza kupauka, kutoka jasho la baridi, kuhisi kiu na maumivu yanayopanda hadi begani, na kufikia hapo kundi limekwisha kuingia kilomita 30 zaidi porini. Hali kadhalika aliyegonga kichwa akauliza mara tatu “tuko wapi hapa?” amepata mtikisiko wa ubongo, hata kama hakuzimia. Hapaswi kushika usukani tena siku hiyo, seuze kuongoza wenzake.

Rafiki wa kweli hapo ni yule mwenye ujasiri wa kuonekana mwoga. Humketisha mwenzake kivulini, humwuliza jina la kijiji walichotoka, humshika tumbo kwa upole, huhesabu mapigo ya moyo, na husubiri nusu saa hata kama jua linakwenda.

Mfupa wa paja ukivunjika, hakuna anayesema ni mzima. Mtu mzima ana takribani lita 5 za damu, na paja moja lililovunjika huweza kumeza lita 1 hadi 1.5 bila tone kuonekana nje. Hapo ndipo huzuka jambo ambalo kila tabibu wa vijijini amewahi kuliona: majeruhi huwekwa mshikaki juu ya pikipiki, katikati ya dereva na mwenzake, mguu ukining’inia na kuyumba kwa kila shimo. Wanaofanya hivyo hawana ubaya, wana haraka. Ila kila mtikisiko huongeza kuvuja damu, na kama shingo au uti wa mgongo umeumia, safari hiyo huweza kumfanya mtu apooze. Mguu uliovunjika hufungwa pamoja na ule mzima, nguo iliyokunjwa ikiwekwa katikati, au hufungiwa banzi la fimbo ndefu. Kofia haivuliwi, isipokuwa pumzi imezibwa; na ikibidi kuvuliwa, wawe watu wawili, mmoja akikamata kichwa na shingo visitikisike. Damu inayotoka nje hubanwa kwa kitambaa safi na mkono ulioshikilia bila kuachia. Mfupa uliochomoza hausukumwi ndani; hufunikwa. Kisha gari hutafutwa, hata liwe la mzigo, na majeruhi hulazwa chali juu ya ubao au mlango. Soda ya baridi na vidonge vya diklofenaki kutoka duka la dawa, ambavyo wenyeji wema hukimbilia kuleta, havifai: huenda akahitaji upasuaji, na dawa za namna hiyo na aspirini huweza kuongeza kuvuja damu.

Haraka hiyo ina sababu inayopimika. Utafiti wa CRASH-2, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40 na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba traneksamiki asidi, dawa ya sindano isiyo ya gharama kubwa, hupunguza vifo vya wanaovuja damu. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa faida hiyo hupatikana ikitolewa ndani ya saa 3. Baada ya hapo huweza kudhuru. Kwa hiyo saa ya ajali ni sehemu ya matibabu. Marafiki waliobishana saa nzima, waliongoja gari saa moja na nusu, na wasioweza kusema ajali ilitokea lini, humfikisha mwenzao kwa mganga aliyefungwa mikono. Karatasi yenye saa ya ajali, namna alivyoanguka, na kama alizimia, humsaidia mganga kuliko maelezo marefu ya watu watano wanaozungumza kwa pamoja.

Kwa upande wa zahanati na vituo vya afya, madai ni machache lakini mazito. Karipio lingoje. Pumzi, damu na fahamu hutazamwa kwanza, na fomu ya polisi, PF3, hufuata; muuguzi anayemrudisha majeruhi anayevuja damu kwenda kuitafuta fomu hiyo ametanguliza karatasi mbele ya uhai. Tumbo lichunguzwe hata kama aliyeumia analalamikia mkono tu. Jeraha wazi lililoingia udongo lahitaji kuoshwa kwa maji mengi, antibayotiki mapema, na kinga ya pepopunda. Wanaume wazima wengi hawakumbuki sindano yao ya mwisho ilikuwa lini.

Liko pia suala la haki ambalo makundi haya hayapendi kuligusa. Njia hizo ambazo kwao ni mchezo wa Jumamosi, kwa wenyeji ni barabara ya kila siku. Kijana wa bodaboda anayempeleka mjamzito zahanati usiku hana buti wala kinga ya magoti, na kofia yake, kama anayo, pengine imepasuka na kamba yake imekatika. Huyo ndiye huitwa marafiki wa mjini wanapoangukiana. Huacha abiria wake, hujua njia ya mkato, hujua nani kijijini ana gari na nani ana funguo za zahanati. Ni vigumu kutetea mkoba wa huduma ya kwanza unaofunguliwa kwa ajili ya wenye pikipiki kubwa tu. Kundi linalopita Msanga kila mwezi laweza kufanya urafiki na kijiwe cha bodaboda cha hapo, likamleta muuguzi afundishe pande zote mbili kufunga banzi na kubana damu, na likaacha kofia nzima mbili tatu. Vyuo vya tiba vinavyowafundisha wanafunzi wao huduma ya kwanza vina kila sababu ya kutoka darasani asubuhi moja kwa kazi hiyo.

Linabaki jambo dogo ambalo huharibu mengi: pikipiki yenyewe. Mwenye mali hataki kuiacha porini, na kwa ajili yake watu wamewahi kuendesha na kifundo kilichovimba au kichwa kinachozunguka, ili tu chombo kilale nyumbani. Kundi na likubaliane kabla ya injini kuwashwa, angali kila mtu ana akili timamu, kwamba aliyeumia harudi kwa kuendesha, na kwamba hana kura katika uamuzi huo. Pikipiki itasukumwa hadi kwa mjumbe wa kijiji au nyumba ya mwenyeji, ilale hapo hata wiki, na Jumamosi ifuatayo watapanda daladala wawili kwenda kuichukua.