Mpenzi, Uko Barabarani? Basi Nakata Simu!

Kama kuna waliokorofishana, basi kaeni pamoja msome, maana mada ya leo inamhusu anayepiga simu na anayepokea pia.

Tumeshazungumza sana kuhusu simu na mapenzi. Nani ana haki ya kushika simu ya mwenzake, nani kaweka namba ya siri, nani anachati usiku wa manane. Mwezi huu naomba tuiangalie simu hiyohiyo kwa upande mwingine kabisa: simu inapotumika juu ya kitu kinachokimbia.

Bila shaka umeshayaona kwenye filamu yale magari ya michezo yanayopita juu ya reli. Yanapanda juu polepole, kisha yanashuka kwa kasi huku watu wakipiga mayowe. Wenyewe wanayaita rola kosta. Ndugu zetu waliopo Uarabuni wanaifahamu Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010. Kasi yake hufika kilomita 240 kwa saa, na abiria huvaa miwani maalumu ya kukinga macho.

Kwenye michezo ya namna hii, simu mkononi ni mwiko. Mwaka 2015 viwanja vya Disney vilipiga marufuku hata vile vijiti vya kupigia selfi. Si roho mbaya, jamani. Simu ikidondoka kutoka mita 40 kwenda juu, inafika chini ikiwa na kasi ya karibu kilomita 100 kwa saa. Hapo haiitwi simu tena, ni jiwe, na chini kuna watoto wa watu. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, kwenye kiwanja cha Cedar Point huko Ohio, Marekani, mwanaume mmoja aliruka uzio kwenda kutafuta simu na pochi aliyoiangusha akiwa kwenye rola kosta. Gari la mchezo uleule likamgonga, akafa.

Sasa utaniambia, "Wewe dada, uko Ilembo, Manispaa ya Mpanda, rola kosta umeiona wapi?" Ni kweli, huku Katavi hatuna. Lakini tunayo bodaboda! Na ukifikiria vizuri utaona yetu ni ya hatari zaidi. Rola kosta ina reli, haiwezi kuhama njia. Ina mkanda au chuma kinachokubana kifuani. Haikutani na ng'ombe, wala lori, wala mtoto anayekimbiza mpira. Anayeiendesha yuko chini na mitambo yake, wewe kazi yako ni kupiga kelele tu. Pamoja na ulinzi wote huo, bado wanakwambia simu weka pembeni.

Bodaboda haina reli wala mkanda. Inasimama kwa sababu kuna mtu ameishika kwa mikono miwili na macho yake yako mbele. Mkono wa kulia ndio wenye mafuta na breki ya mbele, wa kushoto una klachi. Ukimtolea mkono mmoja akashika simu, umeshamnyang'anya nusu ya chombo. Na kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua zikishaanza kumwagika huku kwetu, mitaa ya vumbi inageuka tope. Hata mikono miwili haitoshi!

Halafu kuna ile staili ambayo nyote mnaijua. Dereva anaichomeka simu kati ya helmeti na shavu, au anainamisha kichwa anaibana kwa bega, safari inaendelea na stori zinaendelea. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya kupata ajali takribani mara nne zaidi ya asiyetumia. Na wewe unayejitetea kwamba unatumia spika za masikioni, shirika hilohilo linasema hazisaidii sana. Tatizo si mkono peke yake. Akili nayo imeshaondoka, imemfuata aliyepiga.

Tupige hesabu ndogo. Pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, ambayo wengi wetu tunaiona ni mwendo wa kawaida tu, kila sekunde inakula mita 11. Ukiangalia meseji kwa sekunde tatu, umeshapita mita 33 huku macho yako hayapo. Hiyo ni kama theluthi ya uwanja wa mpira. Ni meseji gani hiyo, eti? "Umekula?"

Na hapa ndipo ninapotaka kufika, wapenzi wasomaji. Kila mtu anamlaumu dereva wa boda. Ni sawa, alaumiwe. Lakini upande wa pili wa ile simu yuko nani? Mara nyingi ni mimi na wewe. Ni mke, ni mchumba, ni mpenzi aliyekaa kwenye kochi au ofisini kwenye kiti cha kuzunguka, anayepiga mara ya tatu kwa sababu mara mbili za kwanza hakupokelewa. Unayempigia mtu aliye barabarani, na wewe umeshika usukani wake. Tofauti ni kwamba wewe hata ukianguka, unaangukia mto.

Dereva mmoja wa kijiwe cha huku kwetu aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Dada, mteja asipopokelewa anatafuta boda mwingine. Mke wangu asipopokelewa, nikirudi nakuta ameshanuna na chakula kimepoa. Sasa bora nipokee." Mnaona? Huyu kijana anaijua hatari vizuri. Anahatarisha maisha yake ili usiku alale kwa amani.

Wengine tumeifanya simu kuwa kipimo cha upendo. Akipokea haraka, ananipenda. Akichelewa, yuko na mtu. Lakini niambie ukweli, mtu akipokea akiwa juu ya pikipiki unasikia nini cha maana? Upepo na mlio wa injini. Kuna wanaosikia huo upepo wakasema, "Hiyo ni feni ya gesti!" Basi inakuwa ugomvi mkubwa, mtu anajieleza akiwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kama humwamini mwenzako, hiyo simu ya barabarani haitakuponya. Mpe nafasi afike, mkae, mzungumze macho kwa macho. Wivu hauna mahali unapokimbilia, utaukuta nyumbani.

Na ninyi abiria msijione mmepona. Namwona dada wa ofisini, kapendeza, kakaa upande upande kwa sababu ya sketi, mkono mmoja pochi, mkono mwingine simu, vidole vinachapa meseji. Ameshika nini? Hakuna! Dereva akikwepa shimo au akifunga breki ghafla, pikipiki inasimama ila yeye anaendelea na safari. Simu ikimponyoka, anageuka nyuma au ananyoosha mkono aidake, na pikipiki inayumba. Hapo namkumbuka yule mtu wa Ohio. Simu inanunulika, jamani. Iacheni ianguke.

Kuna na wapenzi wapya, wale wa mahaba moto moto. Wamepanda mishikaki, dereva mbele, wao wawili nyuma, simu imeinuliwa juu wanajirekodi waweke mtandaoni. Sawa, penzi lenu ni tamu, tumelielewa. Lakini ile video mngeweza kuirekodi mmesimama chini ya mwembe, na mngependeza zaidi maana vumbi lisingewajaa usoni.

Basi tufanyeje? Siwezi kuwaambia muache kupigiana simu, hata mimi siwezi. Ninachoomba ni kila wapendanao wakae chini wawekeane makubaliano. Haya ndiyo ninayowashauri:

1. Natoka, nimefika. Kabla hujaondoka, tuma meseji: "Natoka sasa, kama nusu saa nitakuwa nimefika." Ukifika, tuma nyingine. Katikati hapo ni kimya, na wote mnajua ni kimya cha heri.

2. Swali la kwanza liwe moja. Ukimpigia mwenzako ambaye anaendesha au yuko juu ya boda, usianze na "uko na nani?" Anza na "uko barabarani?" Akisema ndiyo, mwambie "basi nakata, ukisimama nipigie." Halafu kata kweli! Usiseme "dakika moja tu."

3. Kuwe na alama ya dharura. Mtoto anaumwa, mama kaanguka, hayo yapo. Kubalianeni kwamba simu ikiita mara mbili mfululizo maana yake ni jambo zito. Akisikia hivyo, anatafuta pembeni, anasimama kabisa, ndiyo anapokea. Lakini usiitumie alama hiyo kuulizia vocha. Siku ya dharura ya kweli hatakuamini.

4. Abiria, una haki ya kusema. Dereva wako akipokea simu huku mnakwenda, usikae kimya kwa aibu. Mwambie kwa heshima: "Kaka, simama kwanza upokee, mimi nitasubiri." Ukimwambia hutachukia kuchelewa dakika mbili, wengi wanasimama. Akikataa, mwambie akushushe. Heshima yako haipungui hata kidogo.

5. Wateja nao wana zamu yao. Najua madereva watasema simu ndiyo ofisi yao. Ni kweli. Ila ofisi ina mlango. Weka simu mfukoni, ukimshusha abiria angalia nani alipiga, mrudishie. Anayehitaji boda wako makini atasubiri dakika tano.

6. Simu ya abiria ikae kwenye pochi, pochi ifungwe zipu. Mikono ishike kiti au chuma cha nyuma, na helmeti ifungwe kamba chini ya kidevu. Helmeti isiyofungwa kamba ni kofia tu.

Kuna msomaji atasema, "Haya yote ya nini, ajali haina kinga." Tumeuzoea sana huo msemo, na wakati mwingine unatuliwaza kwenye misiba. Lakini tusiutumie kujifichia. Shimo la barabarani unaweza usilione. Breki inaweza kukatika ghafla. Simu inayoita ukiwa juu ya pikipiki ni jambo lingine, kwa sababu kuna mtu aliyeamua kupiga na mtu aliyeamua kupokea. Hiyo kinga yake ipo, na iko mikononi mwa watu wawili wanaosema wanapendana.

Kwa hiyo kina dada, na kina kaka pia maana mnaopiga piga kila dakika mpo, mwezi huu nawapa zoezi moja. Mwenzako akiwa njiani na moyo ukakuwasha kumpigia, iweke simu mezani. Chemsha chai, fua nguo, ongea na jirani. Muda atakaotumia kufika salama si muda aliokunyima, ni muda anaokuletea.

Na akishafika mlangoni, mpokee kwa "pole na safari" kabla ya "mbona hukupokea?" Mtaona jinsi nyumba inavyotulia.

Tukutane toleo lijalo panapo majaliwa, tutazungumzia wapenzi wanaokopeshana fedha. Najua hapo wengi mtakuja juu! Mpaka wakati huo, safari njema, na mfike salama.