Uchunguzi Usiishie Kifuani

Mtoto akifikishwa zahanati akihema, mhudumu humhesabia pumzi kwa dakika nzima. Zikifika 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa aliyetimiza mwaka na hajafika miaka 5, hiyo ni nimonia, anaandikiwa amoksilini. Utaratibu huu wa Shirika la Afya Duniani hatuna ugomvi nao. Tatizo ni pale mtoto yuleyule anaporudi mara ya tatu, akapewa dawa ileile, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Kupumua ni kazi ya misuli, na misuli huamrishwa na ubongo na neva. Mwenye mtindio wa ubongo hupaliwa na uji, ukaingia mapafuni, kifua kikachafuka. Mwingine amezaliwa na ugonjwa wa kurithi unaoua neva za uti wa mgongo zinazoendesha misuli. Huyu hutupita kirahisi: uso mchangamfu, macho yanakufuata, wala hahangaiki. Nguvu ya kuhangaika hana. Mvue nguo umtazame. Akivuta pumzi tumbo linapanda, kifua kinabonyea. Miguu imetawanyika kama ya chura. Kilio chembamba, kikohozi hakina nguvu, ananyonya kidogo anachoka. Ukimgonga chini ya goti, mguu haustuki. Mtoto wa namna hii anaweza kuishiwa hewa bila zile purukushani tulizozoea kuziona.

Na aliyekuwa akitembea, miguu ikalegea ndani ya siku chache? Hiyo ni dharura. Sampuli za choo zichukuliwe kwa ajili ya polio, sawa, lakini asirudishwe nyumbani. Ulegevu huweza kupanda hadi kwenye misuli ya kupumua.

Tutaambiwa tiba ya ule ugonjwa wa kurithi ni ghali. Kweli, ile ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 ilitoka kwa zaidi ya dola milioni 2. Kumlisha mtoto akiwa ameketi hakugharimu hivyo. Wala kumpa rufaa mapema, au kuwaeleza wazazi kwamba ugonjwa huo wa kurithi unaweza kujirudia, kwa kawaida mimba 1 kati ya 4.

Wizara za afya ziweke swali moja kwenye fomu ya mtoto anayehema: hii ni mara ya ngapi? Nawe mzazi usisubiri kuulizwa. Nenda na kadi, sema kama mtoto hupaliwa, na kama amefika miezi 5 shingo haijakaza.